Ukurasa wa Hamsini na Nane

Kaka yangu Dedan hupiga picha. Mimi huchora. Tofauti yetu ni kwamba picha zake hazijawahi kuonyesha kilichokuwepo.

Mwaka 1994, Krismasi yetu ya kwanza Texas, Dedan alikuwa akiishi Richardson katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala, viti viwili vya plastiki na godoro lililowekwa juu ya zulia. Siku ya sikukuu alitupakia kwenye gari, mkewe Celestine, mdogo wetu Shiru na mimi, akatupeleka Plano hadi mtaa uliokuwa bado unajengwa. Akatupanga mbele ya nyumba ya maonyesho, ile ambayo kampuni ya ujenzi huipamba ili wanunuzi waje kuitamani. Akaweka kamera juu ya boneti, akategesha, akakimbia kuja kusimama katikati. Picha ilifika Nyeri mwezi wa Februari. Mama aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na kwa miaka minne aliwaonyesha wageni mlango ambao mwanawe hakuwa na ufunguo wake.

Tuliporudi Richardson siku ile nilichora viti viwili vya plastiki, sahani nne juu ya kasha la televisheni, na miguu ya Celestine ikiwa ndani ya jozi tatu za soksi kwa sababu kipasha joto kilikuwa kimeharibika. Nikaandika tarehe na saa. Ndivyo daftari lilivyoanza.

Ni daftari la jalada gumu, karatasi zisizo na mistari, wino usiofutika. Kurasa nilizipa nambari zote siku niliyolinunua, kama tunavyofanya kazini, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Kazi yangu ni kuchora ramani za mabomba katika kampuni moja ya uhandisi Houston. Mstari ukikosea huko, mtu hufa. Kila Krismasi niliendesha gari kutoka Houston hadi kwa Dedan, nikachora kilichopo, mahali kilipo, na saa niliyokiona. Sichori tabasamu la mtu aliyeambiwa atabasamu.

Kwa hiyo daftari lina mambo ambayo albamu ya Dedan haina. Lina mti wa plastiki wa Celestine wa mwaka 1996, ukiwa bado umesimama na taa zake zote, tarehe 6 Aprili ya mwaka uliofuata. Lina desturi aliyoianzisha Dedan mwaka 1997, ya kila mtu kushukuru kwa jambo moja kabla ya kula: sisi wengine tulitumia dakika nne kwa jumla, yeye ishirini na mbili, na nilichora mafuta yakiganda juu ya mchuzi. Lina meko ya nyumba aliyoinunua kweli hatimaye, Plano, mwaka 1998: meko ya gesi yenye magogo ya udongo yasiyoungua, ambayo Dedan huyachokoa kwa chuma akiongea na wageni. Na kila mwaka nimebandika humo barua yake ya Krismasi, ile anayoichapa na kuituma kwa watu zaidi ya mia, nikiwa nimesahihisha pembeni kwa penseli nyekundu. Ya mwaka 1999 ilikuwa na aya tano na makosa kumi na moja ya ukweli. Kiingereza chake kilikuwa safi.

Mwaka 2000 Mama alipata viza akaja kwa miezi mitatu. Mama alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na moja na huvaa miwani yenye kamba shingoni. Alifikia kwa Dedan kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza na ndiye mwenye ghorofa.

Mwaka huohuo Shiru alitaka kuolewa. Shiru ni muuguzi Houston, wakati huo akiwa na miaka thelathini na mbili, na hakuwahi kumleta mtu nyumbani. Mtu mwenyewe alikuwa Elimringi, Mtanzania wa Marangu, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Dedan alimwita mwosha wazee, tena si kwa siri. Wazee wa Elimringi walikuwa tayari kusafiri mwezi wa Aprili kwenda Nyeri kuposa, lakini hawangeweza kubisha hodi kwa mjane kabla yeye mwenyewe hajasema waje. Mama alikataa kutoa neno kwa simu. Alitaka kumwona mtu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe 2 Januari, na Shiru alikuwa ameniambia waziwazi kwamba bila neno la Mama hataolewa. Hakulia wala hakupamba maneno. Ndivyo alivyo.

Tuliondoka Houston watu watatu, asubuhi ya tarehe 24, tukafika kabla ya barabara kuanza kuteleza. Elimringi aliingia, akainama mbele ya kiti cha Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alisema Mama, na akacheka kidogo. "Hakuna aliyenisalimia hivyo tangu nishuke kwenye ndege."

"Huyu anaongea kama taarifa ya habari," alisema Dedan. "Hebu ngoja atusomee na hali ya hewa."

Nyumba ya Dedan huzungumza Kiswahili kwa sababu Celestine ni Mtaita na hakujifunza Kikuyu. Watoto wao wawili hujibu kwa Kiingereza kutoka ghorofani, wanapojibu. Kwa hiyo Elimringi alielewa kila neno. Alitabasamu tu, akauliza aweke wapi viatu.

Asubuhi ya Krismasi Celestine aligawa masweta. Hii ilikuwa desturi yake mwenyewe: masweta mekundu yanayofanana, kila moja na jina la mtu kifuani kwa uzi mweupe. La Elimringi liliandikwa "Mgeni", kwa Kiingereza. Celestine alieleza kwamba aliagiza mapema na hakujua jina linaandikwaje. Jina hilo Shiru alikuwa amemwandikia kwenye kadi mwezi wa Oktoba. Nililiona kwenye mlango wa friji. Elimringi alilivaa. Nilichora neno lile kifuani pake, ukurasa wa 57, herufi kwa herufi.

Kisha Dedan akatangaza mila. Alisema kwetu, mwanamume anayetaka binti wa nyumba humchomea mama mkwe mbuzi kwa mikono yake mwenyewe, na mama huamua kwa kuonja. Mbuzi alikuwepo tayari, amechinjwa kwa mfugaji nje ya Fort Worth siku mbili kabla, amekatwa na kufungwa kwenye mifuko.

Huo ni uongo. Baba yetu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Siku ya Krismasi alinunua kilo mbili za nyama kwa bucha, zikaja zimefungwa kwenye gazeti, na Mama akazichemsha. Hakuna mchumba aliyewahi kuchoma chochote nyumbani kwetu. Mama alinitazama juu ya miwani, nami nikamtazama. Nilidhani anaona ninachokiona mimi, kwamba upumbavu wa Dedan ukiachwa hujichosha wenyewe.

"Sawa, shemeji," alisema Elimringi. "Hata sisi Marangu tunamjua mbuzi."

"Bado sijawa shemeji yako. Choma kwanza."

Mvua ya siku hiyo haikuwa theluji wala mvua ya kawaida. Ilianguka ikiwa maji, na kila ilichogusa ikakifunika kwa barafu: nyaya, vioo vya magari, majani ya nyasi moja moja. Elimringi aliliweka jiko, nusu pipa lenye miguu, chini ya ukingo wa paa nyuma ya nyumba. Moto ulikubali, lakini baada ya nusu saa Dedan alifungua dirisha akasema majirani wataona moshi karibu na ukuta wa mbao na kupiga simu. Jiko liingie gereji.

Hapa lazima nieleze gereji, kwa sababu kosa lote limo ndani yake. Sisi sote tulikua tukijua kwamba hulali na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Kila msimu wa baridi Nyeri kulikuwa na familia iliyokutwa asubuhi imelala isiamke, na Mama mwenyewe alikuwa akiwaambia watoto wa darasa la nne watoe jiko nje kabla ya kufunga mlango. Lakini gereji ya Plano inaingiza magari mawili. Ni kubwa kuliko nyumba ya walimu tulimozaliwa. Ina sakafu ya saruji, baiskeli, matairi, mlango wa chuma unaopanda darini kwa kubonyeza kitufe. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyeihesabu kuwa chumba.

Elimringi peke yake aliihesabu. Aliuacha mlango mkubwa umefunguka hadi kiunoni, na chini, mbele ya lile jicho dogo la taa linalouzuia mlango usimfungie mtu, akaweka kopo la rangi. Jicho likizibwa, mlango haushuki hata ukibonyezwa. Alimwambia Dedan, Celestine na mimi tukiwepo:

"Mlango tuuache hivi, shemeji. Makaa haya yanakula hewa."

"Kwani hii ni Marangu?" alisema Dedan. "Unapasha joto barabara nzima."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi mbili zinazotoka jikoni kushukia gereji, mlango wa jikoni ukiwa wazi nyuma yangu, daftari magotini. Ukurasa wa 58 niliugawa mara tatu. Mchoro wa kwanza ni saa nane na dakika kumi: jiko, Elimringi akigeuza mbavu, mlango nusu, kopo mahali pake. Nilichora hata mchirizi wa rangi ulioganda pembeni mwa kopo.

Saa nane na nusu Dedan alimtuma Elimringi mbele ya nyumba akavunje barafu na kumwaga chumvi kwenye njia, kwa sababu alitaka kupiga picha ya familia mlangoni kabla mwanga haujapungua. Elimringi aliniomba niiangalie nyama. Akaondoka. Dakika tano baadaye Dedan alitoka jikoni akipita kando yangu, akalisogeza kopo kwa ncha ya kiatu, akabonyeza kitufe. Mlango ukashuka hadi chini. Aliniambia jikoni kunaingia baridi na Celestine analalamika, akarudi ndani. Huo ndio mchoro wa pili: kiatu cha ngozi, kopo likiwa kando, kidole kwenye kitufe. Saa nane na dakika thelathini na tano.

Saa tisa kasoro dakika ishirini Mama alikuja na kiti cha kukunja. Alisema amekaa miezi mitatu mbele ya moto usio na harufu, na anataka kuota moto wa kweli. Nilimwekea kiti karibu na jiko. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akaanza kunieleza habari za mwanamke mmoja wa kanisani.

Nilichora. Mwanga wa makaa ulikuwa unapanda usoni kwake kutoka chini, nami sijawahi kuwa na sura tulivu kama ile mbele yangu; watu wa nyumba hii hawakai kimya wakachorwa. Kichwa kiliniuma kidogo. Nilidhani ni moshi. Mama aliacha kuongea, kidevu kikashuka, mkono ukateleza kutoka kwenye paja. Nilifuta kwa jicho mstari wa bega niliokuwa nimekusudia na kuchora ule mpya. Nikaandika chini: "Mama amelala. Saa tisa na dakika tano." Nikainuka, nikaingia jikoni kutafuta kalamu nyingine, kwa kuwa wino ulikuwa unaisha.

Elimringi ndiye aliyemkuta. Alizunguka kuingia na ndoo ya chumvi kupitia mlango wa jikoni, akasimama kwenye ngazi. Alibonyeza kitufe, akamwinua Mama kama anavyowainua wazee wake kila siku, mkono mmoja chini ya magoti na mwingine nyuma ya mabega, akamtoa nje kwenye mvua. Alivua sweta lake jekundu, akamlaza juu yake. Shiru alitoka akikimbia. Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini na moja kwa sababu ya barafu, na muda wote huo wao wawili walikuwa magotini kwenye njia ya gari wakihesabu pumzi zake.

Hospitalini walimweka kwenye oksijeni. Daktari alisema nusu saa nyingine ingetosha kumuua. Alikaa siku mbili. Alirudi nyumbani tarehe 27, mnyonge, akili zake timamu, ila siku ya Krismasi ilikuwa imemfutika kichwani kuanzia kifungua kinywa.

Mchana huohuo Dedan aliitisha kikao sebuleni. Alisimama mbele ya magogo yake ya udongo. Alisema mengi, nami nitayafupisha: kwamba Mungu ni mwema, kwamba yeye hana kinyongo, kwamba lakini mtu aliyepewa jiko ndiye mwenye jiko, na aliliacha likiwaka ndani ya gereji iliyofungwa akaenda zake. Elimringi alisema aliuacha mlango wazi. Dedan aliuliza kama mlango ulijifunga. Celestine alitazama sweta lake. Alikuwepo jikoni, alisikia mlango ukishuka, ni mlango unaonguruma nyumba nzima ikasikia. Akasema hakumbuki vizuri, siku ile ilikuwa na mambo mengi.

"Mama," alisema Dedan, "huyu ni mtu anayelipwa kutunza wazee. Umeona mwenyewe anavyowatunza."

Mama alisema amechoka, na atasema la kusema kesho.

Shiru alinifuata chumbani.

"Ulikuwa pale, dada. Ulikuwa unachora."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ipo."

Nilimwambia nitaangalia. Shiru alinitazama kwa namna ambayo wauguzi huwatazama watu wanaosema hawavuti sigara, akatoka.

Sikuhitaji kuangalia. Nilijua kilichomo kwenye ukurasa wa 58. Kulikuwa na kopo, kiatu na kidole, na saa zake. Dedan alikuwa amekwisha. Lakini chini yake kulikuwa na mchoro wa tatu, na wenyewe una saa zake pia: dakika ishirini na tano mbele ya jiko lililowaka, mlango ukiwa umefungwa machoni pangu, mkono wa mama yangu ukiteleza hatua kwa hatua, na maneno mawili ya mwandiko wangu yanayosema amelala. Kazini hakuna siku nimesahau kuchora bomba la kutolea hewa. Ni jambo la kwanza msimamizi hutafuta kwenye ramani.

Asubuhi ya tarehe 28, wengine wakinywa chai, nilikaa na karatasi nyingine nikauchora ukurasa upya. Michoro miwili ya juu niliinakili ilivyokuwa. Wa tatu niliubadilisha kidogo: kichwa cha Mama kimeinuka, macho wazi, na saa tisa kasoro dakika kumi na tano badala ya saa tisa na dakika tano, pamoja na maelezo kwamba nimeingia ndani kumpikia chai. Ilikuwa mistari minne na nambari moja. Ningesema nilinakili kwa usafi, kwa kuwa daftari lilimwagikiwa mafuta. Hakuna ambaye angeuliza.

Niliiweka karibu na ile ya kwanza nikazilinganisha. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Mama alionekana mwenye furaha, moto ulikaa vizuri, kila mtu isipokuwa mmoja alikuwa mahali panapomfaa. Ingependeza kwenye fremu. Niliitazama mpaka nikakumbuka mlango wenye shada la Krismasi la kampuni ya ujenzi, mwaka 1994, na sisi wanne tumepangwa mbele yake. Niliikunja mara nne nikaitia kwenye pipa la taka chini ya majani ya chai.

Saa nne nililipeleka daftari lenyewe sebuleni, nikalifungua ukurasa wa 58, nikaliweka kwenye mapaja ya Mama. Wote walikuwepo.

Mama alivaa miwani. Alisoma kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, kutoka juu, kidole chini ya kila mstari, bila haraka.

"Hiki ni kiatu cha nani?"

"Cha Dedan."

"Na hili kopo ni la nini?"

Elimringi alieleza kazi ya kopo. Sauti yake ilikuwa ya chini na hakumtazama Dedan.

"Mama, hiyo ni michoro," alisema Dedan. "Wangeci ananichukia tangu tukiwa watoto, kila mtu anajua. Mtu anaweza kuchora kitu chochote. Naweza kumchora yeye akifunga mlango."

Lilikuwa jambo la kwanza la maana alilolisema tangu Krismasi. Mtu anaweza kuchora kitu chochote. Nilikuwa nimetoka kulithibitisha saa moja kabla.

Kidole cha Mama kilikuwa kimefika chini.

"Na hapa ndipo nilipokuwa."

"Ndiyo, Mama."

"Ulidhani nimelala."

"Ndiyo."

"Dakika ishirini na tano. Mlango umefungwa, na wewe umemwona anayeufunga."

"Ndiyo."

"Na kichwa hakikukuuma?"

"Kiliniuma."

Alivua miwani, ikaanguka kifuani kwa kamba yake. Alimgeukia Dedan.

"Mtu anayetaka kudanganya haandiki haya ya chini," alisema. "Mngekuwa darasani kwangu, huyu ningempa alama zote, halafu ningemchapa." Kisha akatutazama kwa zamu, Dedan, Celestine, mimi, bila hasira yoyote, kama mtu anayekagua mboga sokoni. "Mmoja alifunga mlango. Mwingine alisikia. Mwingine akachora. Elimringi, waambie wazee wenu waje Aprili. Waje mapema, njia ya kwetu ina matope."

Elimringi alisema, "Asante, Mama," na akakaa chini. Shiru alikwenda jikoni. Tulimsikia akifungua maji na kuyaacha yatiririke.

Dedan alianza kusema kwamba hakukusudia. Mama alimwambia anajua, na kwamba hakuna aliyekusudia chochote, na kwamba mbuzi bado amelala kwenye friji na ni aibu kumtupa. Walimchemsha. Elimringi ndiye aliyemkata vipande vidogo.

Barua ya Krismasi ya mwaka ule ilinifikia Houston katikati ya Januari. Inasema familia ilibarikiwa kuwa na Mama, kwamba alipata mafua kidogo kutokana na hali ya hewa ya Texas, na kwamba Shiru amechumbiwa na mtaalamu wa afya kutoka Tanzania ambaye Dedan mwenyewe alimkaribisha kwa mila ya mbuzi. Niliibandika mahali pake. Nilichukua penseli nyekundu, nikaandika herufi moja pembeni, nikaiweka chini. Ni barua ya kwanza ambayo sijaisahihisha.

Tarehe 2 Januari tulimpeleka Mama na masanduku yake uwanja wa ndege wa DFW. Barafu ilikuwa imeyeyuka, pembezoni mwa barabara kumebaki vipande vyeusi. Kwenye foleni ya kukabidhi mizigo nilitoa daftari kama nilivyozoea. Ukurasa ulikuwa wa 61. Niliandika tarehe, nikaandika saa sita na dakika hamsini, nikatazama jinsi Elimringi alivyosimama upande wa kushoto wa Mama, nusu hatua nyuma, mkono ukiwa tayari chini ya kiwiko bila kukigusa.

"Wangeci," alisema Mama. "Funga hicho. Shika huu mfuko."

Ulikuwa mfuko wa mkononi, wenye kanzu ya kitenge, dawa, na sweta jekundu lililofuliwa likakunjwa vizuri, la Elimringi. Niliushika kwa mikono yote miwili kutoka kwenye kaunta hadi kwenye lango la ukaguzi. Kwa kipimo cha pale kaunta ulikuwa na kilo saba na nusu. Ukurasa wa 61 una tarehe na saa tu.